Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa makampuni ya Nyanda za Juu Kusini: vipimo wanavyochukua wafanyakazi wenu vibaki mabondeni kwetu

Kwa Wakurugenzi wa makampuni ya chai, misitu na mpunga na wa mabenki yanayofanya kazi katika mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya. Na kwa Viongozi wa mashirika ya uhifadhi yanayoingia nao ubia.

YAH: WAFANYAKAZI WENU KUSHIRIKI KATIKA UTAFITI WA MAZINGIRA

Ndugu Wakurugenzi na Viongozi,

Ninaandika nikiwa mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari wilayani Mufindi na mjumbe wa jumuiya ya watumia maji katika bonde la mto Ndembera. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu hati za makubaliano mnazosainiana hazipiti vijijini kwetu, ingawa kazi zinazotajwa ndani yake zinafanyikia kwenye mito yetu na misitu yetu. Ombi langu ni moja. Wafanyakazi mnaowatoa kusaidia uhifadhi wapewe kazi ya kupima, mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, chini ya uongozi wa wataalamu wa vyuo na taasisi zetu. Na vipimo vya maji wanavyochukua vifike Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji hapa Iringa, pamoja na ofisi ya serikali ya kijiji husika, mwezi ule ule vinapochukuliwa.

Kila inapokaribia Siku ya Taifa ya Upandaji Miti, tarehe 1 Aprili, mabasi ya wafanyakazi hufika vijijini yakiwa na miche, mabango na fulana mpya. Mgeni rasmi huhutubia, mashimo huchimbwa, picha hupigwa, na jioni mabasi hurudi mjini. Siupingi upandaji miti hata kidogo. Sisi wa Mufindi tunasomesha watoto kwa fedha za misindano na mikaratusi, na shamba la miti la Sao Hill limelisha familia nyingi za wilaya hii. Ninachosikitikia ni kwamba siku hiyo haiachi swali lolote nyuma yake. Hakuna anayerudi mwezi wa Oktoba, ardhi ikiwa imekauka, kuhesabu ni miche mingapi iliyopona, wala anayeuliza kama aina ya mti uliopandwa ilifaa kuwa karibu na chanzo cha maji. Nimeona mikaratusi ikipandwa kando ya chemchemi na watu wenye nia njema kabisa, huku wakulima wa vinyungu, yaani bustani za mabondeni, waliosimama pembeni wakijua vizuri jinsi mti huo unavyokunywa maji. Hawakuulizwa, nao kwa heshima ya mgeni wakanyamaza.

Thamani ya kipimo kinachorudiwa tumeiona hapa hapa kwetu, na kutokuisikiliza kumetugharimu. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Ndembera, Mbarali, Kimani, Chimala na mito mingine inayoshuka kutoka nyanda hizi na kukutana katika bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu, ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Tunaweza kusema kwa uhakika kwamba hali hiyo ilikuwa ngeni kwa sababu mto huo ulikuwa ukipimwa pale Msembe, ndani ya hifadhi, tangu miaka ya 1960. Mtu alikuwa akienda kusoma ubao wa kina cha maji na kuandika namba daftarini, siku za mafuriko na siku za ukame, siku ambazo kulikuwa na la kusimulia na siku ambazo hapakuwa na lolote. Bila daftari hilo tungebaki na kumbukumbu za wazee, ambazo nazithamini, lakini ambazo haziwezi kupeleka hoja mbele ya mhandisi wa bwawa.

Mto ulipokauka, lawama zilitafuta pa kukaa. Wengine walisema ni ng'ombe wa wafugaji waliohamia Usangu, wengine wakasema ni ukataji wa miti huku juu, wengine wakaishtaki mvua. Watafiti waliofanya kazi Usangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 waliziweka pamoja rekodi za mvua, za mito na za matumizi ya ardhi, wakaonyesha kwamba sababu kubwa ilikuwa ni maji yanayochepushwa kwenda kwenye mifereji ya umwagiliaji wakati wa kiangazi, wakati ambapo mito yenyewe imeshapungua. Mabanio yaliyoboreshwa, yaani vizuizi vinavyoelekeza maji ya mto kwenye mifereji, yaliweza kuchukua karibu maji yote ya mto mwembamba wa mwezi wa Septemba, na sehemu ya maji hayo ilipotea kwenye mashamba ambayo wakati huo hayakuwa hata na mpunga. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza mbele ya mataifa dhamira ya kuufanya Ruaha Mkuu utiririke mwaka mzima ifikapo 2010. Wafugaji wakaondolewa Usangu kuanzia mwaka 2006, pori la akiba la Usangu likaunganishwa na hifadhi mwaka 2008, na bado mto uliendelea kukauka katika viangazi vilivyofuata. Vipimo vilikuwa vimeshasema tatizo liko wapi. Watu walihamishwa, mabanio yakabaki.

Ninalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo jibu langu kwa mkurugenzi atakayeuliza kwa nini mfanyakazi wake atumie siku nzima kuandika namba mtoni badala ya kupanda miche mia moja. Maji yale yale ya Ruaha Mkuu ndiyo yanayoingia Mtera na Kidatu kuzalisha umeme, na ndiyo yanayoendelea hadi Rufiji. Lakini vijito vingi vinavyolisha mito hii, hivi vinavyopita katikati ya mashamba ya chai na ya miti, havina ubao wa kina wala mtu wa kuusoma. Kampuni yenye mamia ya wafanyakazi waliotawanyika katika eneo hilo, ambao wengi wao wanavuka vijito hivyo kila asubuhi wakienda kazini, ina nguvu kazi ya kupima ambayo hakuna chuo wala idara ya Serikali inayoweza kuilinganisha na yake.

Jambo hili si geni duniani. Shirika la Earthwatch, lililoanzishwa Boston nchini Marekani mwaka 1971, limejenga kazi yake yote juu ya wazo kwamba mtu asiye mtaalamu, akifundishwa vizuri na kusimamiwa, anaweza kukusanya data zinazofaa kwa sayansi. Mwaka 2007 benki ya HSBC iliingia ubia wa miaka mitano, wenye thamani ya dola za Marekani milioni 100, pamoja na Earthwatch, WWF, taasisi ya Smithsonian ya utafiti wa maeneo ya tropiki na shirika la The Climate Group. Zaidi ya wafanyakazi 2,000 wa benki hiyo walitoka ofisini wakaenda kwenye vituo vya utafiti wa misitu nchini Uingereza, Marekani, Brazil, China na India, ambako walipima unene wa miti, wakakusanya majani yaliyoanguka na kuchunguza udongo, ili wanasayansi waelewe jinsi misitu inavyohifadhi hewa ya ukaa na inavyoitikia mabadiliko ya tabianchi. Baadaye, kuanzia mwaka 2012, wafanyakazi wa benki hiyo hiyo walifundishwa kupima mito na maziwa ya miji yao kwa vifaa rahisi: kichupa kinachobadilika rangi kuonyesha naitreti na fosfeti, yaani chumvi zinazoingia majini kutoka kwenye mbolea na maji taka, na bomba la plastiki lenye alama chini la kupimia jinsi maji yalivyo na tope.

Kuna mambo mawili katika historia hiyo ambayo naomba myasome pamoja. La kwanza ni kwamba watafiti wa msitu wa Wytham, karibu na Oxford, hawakuridhika kudhani kwamba wafanyakazi wa benki wamepima sawasawa. Walichunguza ukubwa wa makosa yao na athari zake kwenye makadirio ya hewa ya ukaa, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Huo ndio uaminifu ninaotamani kuuona hapa, kwa kuwa mtu anayeogopa kuonyesha makosa ya vipimo vyake hana vipimo. La pili ni kwamba mwaka 2022 mamlaka inayosimamia matangazo ya biashara nchini Uingereza ilizuia mabango ya benki hiyo hiyo, kwa sababu yalijisifu kwa miti na kwa fedha za kusaidia tabianchi bila kuwaambia wasomaji kwamba benki ilikuwa bado inafadhili shughuli zinazotoa hewa ya ukaa kwa wingi. Utafiti uliofanywa msituni ulikuwa halali, na tangazo lilipotosha. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa chini ya paa moja, na ndiyo maana nasisitiza kwamba mnachosaini kiandikwe kwa namna ambayo sayansi haiwezi kugeuzwa kuwa bango.

Sasa nieleze kinachoweza kupimwa huku kwetu, nikianza na maji, kwa sababu ndiyo ninayoyafahamu zaidi na ndiyo yanayotugusa wote.

Mashamba ya chai hutiwa mbolea yenye naitrojeni nyingi, na wakulima wa mahindi na viazi nao hutumia mbolea ya kupandia na ya kukuzia mara mvua za Novemba na Desemba zinapoanza. Mvua kubwa ya kwanza baada ya mbolea ndiyo inayostahili kupimwa, siku hiyo hiyo, juu ya shamba na chini ya shamba. Mtaalamu anayetoka Dar es Salaam au Morogoro hawezi kuiotea siku hiyo. Msimamizi wa kitalu anayeishi kambini anaweza. Vilevile, hali ya mto inaweza kusomwa kwa wadudu wadogo wanaoishi chini ya mawe, kwa kuwa baadhi yao hawavumilii maji machafu na hutoweka mapema, wakati minyoo myekundu na wenzake hustawi pale wengine wanaposhindwa. Tanzania ina utaratibu wake wa kutoa alama za afya ya mito kwa kutumia wadudu hao, unaoitwa TARISS, ulioandaliwa kwa kuchunguza mito ya nchi hii hii. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hutambua makundi makubwa ya wadudu hao baada ya masomo machache, wakiwa na wavu, sinia jeupe na kioo cha kukuzia. Sioni kwa nini karani wa kiwandani ashindwe.

Vipo vipande vya msitu wa asili vilivyobaki kati ya mashamba ya chai na kwenye kingo za miteremko ya Mufindi, kama Kigogo na Lulanda. Humo miti ipewe namba na kupimwa unene kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, kisha irudiwe miti ile ile baada ya miaka mitano na baada ya miaka kumi. Kazi hii ni rahisi kuifundisha na ngumu kuidumisha, na kampuni yenye hatimiliki ya ardhi ya miaka mingi ina uwezo wa kuidumisha kuliko mradi wa miaka mitatu.

Ninajua pia kwamba wakati mwingine kipimo kikichelewa hakuna kinachoweza kurudishwa kwa urahisi. Chura wa Kihansi, ambaye Watanzania wengi wanamjua kwa jina tu, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya mto Kihansi, katika miteremko ya Udzungwa, wakati ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza. Alikuwa akiishi katika eneo dogo mno lililolowanishwa na manyunyu ya maporomoko hayo, na maji mengi ya mto yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Wachache walikuwa wameshapelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 wazao wa wale waliotunzwa ndio walioanza kurudishwa. Laiti bonde lile lingechunguzwa kabla ya mkataba wa ujenzi kusainiwa, mjadala kati ya umeme na kiumbe huyo ungefanyika wakati bado kulikuwa na nafasi ya kuchagua.

Kuhusu viumbe wa porini, nawaomba mjifunze kwa kisa cha kipunji. Nyani huyu aliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) yake mwenyewe, Rungwecebus, iliyotokana na jina la Mlima Rungwe. Haikuwa imepatikana jenasi mpya ya nyani barani Afrika tangu mwaka 1923. Lakini habari za kwanza za kuwapo kwake watafiti walizipata kwa wawindaji wa Kinyakyusa, ambao walikuwa wakimwita kipunji tangu zamani. Watafiti wale walisikiliza, wakafuatilia msituni, wakathibitisha, kisha wakahesabu. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilipata kipunji 1,117 katika misitu ya Rungwe, Kitulo na Udzungwa. Wafanyakazi wenu wanapokwenda msituni, basi, wasitangulizwe kama wajuzi mbele ya wenyeji. Wawe na mwenyeji anayelipwa kama mtaalamu wa eneo lake, kwa kiwango kinachojulikana, na mchango wake uandikwe kwenye taarifa.

Nimesema vipimo viwe wazi, na hapo sina budi kuweka mpaka. Uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, una okidi nyingi ambazo viazi vyake huchimbwa na kuuzwa kuvuka mpaka kwenda Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Mfanyakazi wa kujitolea anayepiga picha ya okidi adimu kwa simu na kuirusha mtandaoni ikiwa na alama ya mahali anaweza kuwa amemwelekeza mchimbaji bila kukusudia. Mahali pa mimea na wanyama wanaowindwa pafichwe, na pajulikane kwa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na watafiti wenye kibali tu. Vipimo vya maji havina sababu yoyote ya kufichwa.

Hapa ndipo penye maumivu yangu. Kuna kampuni, ambayo sitaitaja, iliyowahi kuleta wafanyakazi wake kwenye kijito tunachokitumia, wakiwa pamoja na shirika moja la uhifadhi. Walipima kwa bidii, walikuwa watu wa heshima, na sisi wa jumuiya tuliwaonyesha vivuko na kuwabebea vifaa. Tuliahidiwa matokeo. Tulipoyaulizia shirika lilisema data ni za mfadhili, na kampuni ikasema data ziko kwa shirika. Baadaye tuliona picha zetu kwenye taarifa ya mwaka ya kampuni, katika ukurasa wa rangi, lakini hapakuwa na namba hata moja. Mpaka leo hatujui kama maji yale yalikuwa na naitreti kiasi gani, na watoto wanaendelea kuyanywa. Sidhani kuwa kulikuwa na hila; nadhani hati ya makubaliano haikusema data ni za nani, na jambo lisiloandikwa humwangukia asiye na sauti.

Kwa hiyo naomba liandikwe. Hati iseme kwamba vipimo vya maji ni mali ya umma tangu siku vinapochukuliwa. Kwamba nakala huenda kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, au ya Ziwa Nyasa, au ya Ziwa Rukwa, kutegemea maji yanaelekea wapi. Kwamba karatasi moja ya Kiswahili inabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Na kwamba hakuna upande unaoweza kuzuia matokeo kwa sababu hayapendezi. Kampuni ikitaka kutoa maelezo yake kuhusu matokeo, iyatoe, na yabandikwe pembeni.

Jambo linalofuata ni gumu zaidi, na naliandika kwa kujua kuwa halitawafurahisha wote. Mfanyakazi anayepima maji chini ya bomba la kiwanda cha mwajiri wake yuko katika nafasi ya hatari. Akipata namba mbaya, ataiandika? Na akiiandika, mkataba wake utahuishwa? Wengi wa watu hawa ni vibarua wa msimu, ambao kuitwa tena kazini kunategemea neno la msimamizi mmoja. Naomba hati iseme waziwazi kwamba hakuna mfanyakazi atakayeadhibiwa, kuhamishwa au kunyimwa kazi kwa sababu ya namba aliyoiandika. Isitoshe, pale ambapo kampuni inachukua au inamwaga maji, vipimo vya wafanyakazi vilinganishwe mara kwa mara na vya mtu wa nje, kutoka bodi ya maji au chuo, kwa sampuli za siku hiyo hiyo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za kulinda kingo za mito na maziwa. Mngeweza kuanza kwa kuwapa wafanyakazi wenu kazi ya kupima mita hizo ndani ya mashamba yenu wenyewe na kutangaza palipovunjwa. Kampuni itakayofanya hivyo kwa hiari nitaiheshimu kuliko ile inayopanda miche elfu kumi kwenye ardhi ya kijiji.

Tena, anayechaguliwa ni nani? Kwa kawaida ni watu wa makao makuu, wanaotoka Dar es Salaam kwa ndege au kwa mabasi ya kampuni, wanaokaa siku mbili kwenye nyumba ya wageni na kuondoka. Siwalaumu, na ni vema nao waione nchi yao. Lakini utafiti unaorudiwa unamhitaji mtu aliyepo. Mchuma chai, dereva wa trekta, mlinzi wa shamba la miti, fundi wa mfereji wa mpunga: hawa ndio wanaokiona kijito mwaka mzima. Na kama mchuma chai analipwa kwa kilo, siku ya kupima maji ni siku ambayo hakuchuma, kwa hiyo inamkata mfukoni. Siku hiyo ilipwe kwa wastani wa mapato yake, na ihesabiwe kuwa siku ya kazi. Kumwita mtu wa kipato hicho mfanyakazi wa kujitolea, huku bosi wake akihudhuria kwa mshahara kamili na posho ya safari, si haki.

Kwenu viongozi wa mashirika ya uhifadhi nina maneno machache. Najua fedha za wahisani zinapungua na kwamba kampuni inapobisha hodi na hundi ni vigumu kuanza kwa kuuliza maswali. Ulizeni hata hivyo. Jina lenu ndilo linaloipa kazi hii heshima yake, na mkiliazima kwa siku ya picha, mtafika kijijini siku nyingine na kukuta wazee wamekaa mbali. Kabla ya kupokea wafanyakazi wa kampuni, tafuteni swali ambalo mtafiti wa Kitanzania anahitaji jibu lake. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa pale Iringa, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole na watafiti wa misitu wa TAFORI wako hapa hapa, na wengi wao wanashindwa kurudi kwenye maeneo yao ya utafiti kwa kukosa mafuta ya gari. Swali litoke kwao, kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kiwe kwa jina lao pale kinapohitajika, na uchapishaji uwe wao. Mgeni akaribishwe kusaidia.

Gharama ninayoizungumzia si kubwa kwa kampuni. Ubao wa kina cha maji kwenye daraja, futi ya kupimia miti, nyavu, masinia, vichupa vya naitreti vya kutosha msimu, simu chache, mafunzo ya siku tatu yanayorudiwa kila mwaka, na mtu mmoja mwenye elimu ya sayansi anayelipwa kusimamia daftari. Huyo wa mwisho ndiye muhimu kuliko vifaa vyote, naye ndiye anayekatwa kwanza bajeti ikibanwa. Naomba mshahara wake uandikwe katika hati kwa muda usiopungua miaka kumi, hata kama jina la shirika mbia litabadilika au kampuni itauzwa kwa mwenye hisa mwingine, kama tulivyoshuhudia makampuni yakibadilisha wamiliki katika nyanda hizi.

Kiangazi ndicho kipindi kinachofaa kuanzia, maji yakiwa madogo na mawe yakionekana, ili mvua za Novemba zitakapofika tuwe tayari na kipimo cha kulinganisha. Jumuiya yetu iko tayari kuonyesha vivuko, kutoa vijana wanaojua vijito kwa majina, na kupokea watu wenu katika mto wetu bila masharti mengine zaidi ya haya niliyoyaandika. Iwapo ipo hati ambayo tayari mmeisaini na ambayo inahusu bonde la Ndembera, tunaomba nakala yake ifikishwe kwenye ofisi za vijiji husika, ikiwa kwa Kiswahili, tuisome sehemu inayohusu data. Nasubiri majibu yenu, nayo naomba yawe ya wazi kama ilivyo barua hii.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Biolojia na mjumbe wa jumuiya ya watumia maji,
Mufindi, Iringa.

Nakala kwa:
Wakuu wa Mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya
Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa
Wenyeviti wa vijiji vya bonde la Ndembera